Mchoro Unapoingia Kwenye Kitambaa

Mchoraji akitaka zambarau iliyopoa kidogo, huchanganya rangi. Mshonaji wa mifarishi ya viraka hana cha kuchanganya. Lazima aisake zambarau hiyo kwenye kitambaa kilichokwisha kufumwa na kutiwa rangi na mtu mwingine, na asipoipata atapanga vipande viwili ubavu kwa ubavu, jicho la mtazamaji limalizie kazi. Ndiyo maana nawastahi sana washonaji wanaochukua michoro ya Marekani na kuirudia kwa mkasi, sindano na pamba. Wapo wanaowaita waigaji. Mimi naona wanafanya jambo ambalo mchoraji mwenyewe mara nyingi hakulazimika kulifanya: kuamua kila rangi inaishia wapi hasa, kisha kukata.

Anayetaka kuliona hili vizuri amtazame mchoraji Jacob Lawrence. Mwaka 1941, akiwa kijana wa miaka 23, Lawrence alikamilisha mfululizo wa picha 60 kuhusu Wamarekani Weusi waliohama Kusini kwenda kwenye miji ya Kaskazini. Ni picha ndogo, kama sentimita 30 kwa 46, zilizochorwa juu ya mbao. Kilichonivutia zaidi ni utaratibu wake. Hakumaliza picha moja ndipo aende kwa nyingine. Alizishughulikia zote kwa pamoja: akachukua rangi moja, akaipaka kila ilipohitajika katika mfululizo mzima, halafu akashika ifuatayo, akianzia rangi nzito kwenda nyepesi. Kwa hiyo manjano ya picha za mwanzo ndiyo manjano ya picha za mwisho. Leo nusu ya mfululizo huo iko New York, kwenye jumba la sanaa la MoMA, na nusu iko Phillips Collection mjini Washington, lakini zikikutanishwa unajua papo hapo kuwa ni za familia moja. Mshonaji mzuri hukata vivyo hivyo, vipande vyote vya rangi moja kwanza.

Katika picha ya kwanza umati unasongamana kuelekea milango mitatu iliyoandikwa Chicago, New York na St. Louis. Nyuso zina maelezo machache sana. Kinachokwambia kwamba hawa watu wana haraka ni makoti na kofia, maumbo bapa yenye kingo kali yanayoegemea upande mmoja. Hapo mkasi unapita bila kusitasita. Maua makubwa ya mchoraji Georgia O'Keeffe, ambayo huwavutia wengi wanaoanza, ni kazi nyingine kabisa: weupe wa petali unayeyuka kuwa kijivu bila mpaka, na kitambaa hakiyeyuki. Si kwamba haiwezekani, ila ni ya fundi aliyekwisha kuzoea kupanga vitambaa vingi vinavyokaribiana rangi.

Faith Ringgold aliunganisha uchoraji na ushonaji mikononi mwake. Alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1930 na kufariki 2024, na alianza kama mchoraji wa rangi za mafuta. Mwaka 1972, akiwa Amsterdam, aliona michoro ya Kitibeti iliyozungushiwa vitambaa badala ya fremu za mbao. Naye akaanza kuipa michoro yake mapindo ya kitambaa, akisaidiwa na mama yake, Willi Posey, mbunifu wa mavazi. Ukoo wao ulikuwa na washonaji wa mifarishi tangu enzi za utumwa. Mwaka 1980 mama na binti wakashona pamoja mfarishi wao wa kwanza, Echoes of Harlem. Faida yake ilikuwa pia ya kila siku: mchoro wa namna hiyo unauviringisha, unautia kwapani, unaondoka nao.

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni Tar Beach ya mwaka 1988, iliyoko kwenye jumba la Guggenheim. Ni usiku, juu ya paa la jengo la Harlem. Wazazi na majirani wanacheza karata, watoto wawili wamejilaza, na juu yao mmoja wao, Cassie, anaonekana tena akiruka angani kupita daraja la George Washington. Sehemu ya katikati ni rangi juu ya turubai. Ukingo ni viraka vya vitambaa vya maua, na hadithi yenyewe imeandikwa kwa mkono kwenye vipande vya juu na chini. Ukiondoa pindo lile la maua, picha inabaki nzuri lakini inapoa. Ni kitambaa kinachokufanya uamini kwamba paa lile ni nyumbani kwa watu.

Bisa Butler, aliyezaliwa New Jersey mwaka 1973, baba yake akitokea Ghana, ameiacha brashi kabisa. Alisomea uchoraji Chuo Kikuu cha Howard. Alipokuwa mjamzito harufu ya rangi za mafuta ilimshinda, akageukia vitambaa, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ni picha ya babu na bibi yake. Huanza na picha ya kamera, mara nyingi ya zamani na isiyo na rangi. Huikuza mpaka watu wafikie kimo cha kweli, akaweka alama palipo na giza na palipo na mwanga, kisha akachagua: kitenge, hariri, mahameli, lesi. Ngozi haifuati kahawia tunayoitarajia. Shavu laweza kuwa la chungwa, kivuli cha pua kikawa buluu, shingo ikawa zambarau iliyokolea, na bado unamwona mtu mzima mwenye hadhi yake. Siri iko kwenye giza na mwanga: vikikaa sawa, rangi iko huru. Mwishoni tabaka tatu, yaani uso, pamba na bitana, hupigwa cherehani pamoja, na mistari ya uzi hufuata mzunguko wa shavu na mkunjo wa shati. Isogelee The Safety Patrol ya 2018, iliyoko Art Institute of Chicago, ambapo mvulana amenyoosha mikono kuwazuia wenzake wasikanyage barabara, utaona uzi unafanya kazi iliyokuwa ya brashi.

Na njia hii hupitika pande zote mbili: mifarishi nayo huingia kwenye michoro. Mchoraji Amy Sherald alipomchora Michelle Obama mwaka 2018, alisema gauni lake lenye maumbo ya pembe lilimkumbusha mifarishi ya wanawake wa Gee's Bend, Alabama, wazao wa watumwa, ambao walikuwa wakiishona kwa nguo za kazi zilizochakaa ili wapate joto. Mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa kwenye jumba la Whitney, New York.

Malighafi ya Butler inaanguka kila siku chini ya vyerehani vya mafundi wetu. Mwombe fundi wako mabaki ya vitenge, yapange kutoka giza hadi mwanga, yapige kwa simu picha isiyo na rangi uone kama macho yako yalikudanganya. Kisha chagua mchoro mmoja wa Lawrence, uukuze kwenye karatasi, uweke vipande na kuvishika kwa bandi kabla ya kushona moja kwa moja. Usianze na uso wa mtu. Anza na koti.