Stelingi, Shujaa na Mkasi wa Shabiki

Miongoni mwa kazi za sanaa zilizozuka kwa kuja kwa kompyuta, iko moja ambayo bado haijapata jina la Kiswahili linalotosheleza. Shabiki wa mfululizo wa televisheni huzikusanya sehemu zake zote, akaondoa ayaonayo kuwa ni ya ziada, akayaunga yaliyosalia, hata saa tano au sita za mfululizo zikawa filamu moja ya saa mbili na ushei. Hakupewa ruhusa na wenye kazi, wala hapati ujira. Sanaa hii imeshamiri zaidi Marekani na Ulaya, na aghalabu hutendewa hadithi za watu wenye nguvu za ajabu, kwa kuwa hizo ndizo zenye mashabiki wengi, na ndizo katika miaka ya karibuni zilizotolewa kwa wingi katika umbo la mfululizo mfupi. Mtu akiulizwa kazi hii ni kazi gani, neno la kwanza litakalomjia ulimini ni "kufupisha". Twataka kuonyesha hapa kwamba neno hilo halifai, na kwamba ubaya wake hauishii katika kamusi. Linampotosha mtazamaji, na linampotosha zaidi mfupishaji mwenyewe.

Kufupisha, kama tulitumiavyo neno hili darasani na ofisini, ni kupunguza urefu na kuiacha hoja mahali pake. Hotuba iliyofupishwa yapasa iseme yale yale iliyoyasema ilipokuwa ndefu. Ikisema mengine tutamlaumu karani. Neno basi linabeba ahadi ya uaminifu. Anayeifupisha filamu hawezi kuitimiza ahadi hiyo hata akiwa na nia njema namna gani, kwa sababu katika filamu muda wenyewe ni sehemu ya usemi. Mtu akikaa kimya dakika nzima mbele ya kamera, kimya kile kinasema jambo. Ukikipunguza kikawa sekunde tano, umemfanya aseme jingine.

Wenye viwanda vya filamu waliwatangulia mashabiki katika jambo hili. Mfululizo wa The Amazing Spider-Man ulionyeshwa na televisheni ya CBS ya Marekani baina ya 1977 na 1979. Hadithi yake moja, iliyogawanywa katika sehemu mbili, iliunganishwa ikawa filamu iliyoitwa Spider-Man Strikes Back, nayo ikaonyeshwa katika majumba ya sinema nje ya Marekani tangu 1978. Hiyo ilikuwa biashara tu, wala hatuna la kuihakiki. Mashabiki walianza kujulikana sana baada ya The Phantom Edit, kazi ya Mike J. Nichols iliyosambaa kwa kanda za video mwanzoni mwa karne hii, ambayo iliondoa kiasi cha dakika 18 katika filamu ya Star Wars ya 1999. Mwaka 2012 mwigizaji Topher Grace aliwaonyesha wageni wake mjini Los Angeles filamu ya dakika 85 aliyoitoa katika filamu tatu za Star Wars. Hizo si hadithi za mashujaa wa aina tunayoizungumzia, lakini njia waliyoipita ndiyo wanayoipita wengine hadi leo.

Tuchukue mfululizo mmoja tuupime: The Falcon and the Winter Soldier, wenye sehemu 6, uliotolewa na Disney+ tangu tarehe 19 Machi hadi tarehe 23 Aprili 2021. Msimamizi wa uandishi wake alikuwa Malcolm Spellman, na mwelekezi alikuwa Kari Skogland. Kwa ujumla unazidi saa tano. Ni mfululizo unaomtamanisha mwenye mkasi, kwani tangu ulipotoka wengi waliuona kama filamu iliyovutwa ikarefuka kupita kiasi. Orodha za majina mwishoni mwa kila sehemu, peke yake, humpa dakika za bure. Visa vya kisiwa cha kubuni cha Madripoor, katika sehemu ya tatu, vinaweza kupunguzwa bila ya machozi. Sisi wenyewe tusingevililia. Mapigano nayo yanarudiwarudiwa. Hata hapo mfupishaji ana haki, na asiyekubali hivyo anausifu urefu kwa kuwa ni urefu.

Ugumu unaanzia kwa Isaiah Bradley. Huyu ni mzee mweusi, mwanajeshi wa zamani, aliyeigizwa na Carl Lumbly. Wakati wa vita vya Korea alikwisha kutiwa mwilini dawa ya namna ile iliyompa nguvu Captain America. Akawaokoa wenzake mikononi mwa adui. Malipo yake yakawa kufungwa miaka 30, kufanyiwa majaribio, na jina lake kufutwa. Mhusika huyu alitoka katika kitabu cha katuni cha 2003, Truth: Red, White & Black, cha Robert Morales na Kyle Baker, na nyuma ya kitabu hicho kuna jambo lililotukia kweli: uchunguzi wa Tuskegee, tangu 1932 hadi 1972, ambamo wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila ya tiba ili madaktari waone ugonjwa utawafikisha wapi. Katika mfululizo Isaiah haendi vitani wala hamfukuzi mtu. Anazungumza nyumbani kwake Baltimore, kwa ufupi katika sehemu ya pili, kwa urefu katika ya tano, kisha anaonekana tena mwishoni. Kwa kipimo cha msuko wa matukio peke yake, mzee huyu hasogezi kitu, na mkasi unaotafuta dakika utamwona mapema.

Kadhalika mashua. Sam Wilson, ambaye ndiye Falcon, anarudi kwao Louisiana na kumkuta dada yake akihangaika na mashua ya wazazi wao. Wanakwenda benki kuomba mkopo. Afisa wa benki anamtambua Sam, anafurahi kukutana na mtu mashuhuri, na mkopo hautoi. Baadaye majirani wanakuja kusaidia kuitengeneza mashua ile. Hakuna adui hapo wala mlipuko.

Sasa ondoa mzee, ondoa benki, ondoa mashua. Hadithi itasimama, na huenda ikaenda mbio zaidi. Itakuwa hadithi ya mtu aliyeirudisha ngao aliyorithishwa, akaona imepewa asiyestahili, akaitwaa tena kwa kupigana. Kwa nini aliirudisha, na kwa nini kuichukua kwake kuwe ni jambo zito kwa mtu mweusi wa Marekani, mtazamaji hatajua. Fani imebaki, maudhui yamekwenda na makombo.

Hapa ndipo Kiswahili kina la kutufundisha, tena Kiswahili cha kwenye majumba ya sinema. Watazamaji wetu kwa miaka mingi wamekuwa na neno "stelingi", nalo wamelitenga na "shujaa" kwa usahihi ambao wanaistilahi wangeweza kuuonea wivu. Stelingi ni cheo ndani ya picha: ndiye anayefuatwa na kamera, ndiye ambaye kila mtoto ajua kuwa hafi. Hahitaji kuwa mwema, wala hahitaji hata kuwa hodari. Shujaa ni sifa ya mtu, na sifa hiyo hupimwa kwa alilolitenda na kwa gharama aliyoilipa. Mtu aweza kuwa stelingi asiwe shujaa. Na Isaiah Bradley ni shujaa ambaye katika maisha yake yote hakuruhusiwa kuwa stelingi. Wako watakaosema kwamba neno hili ni la mitaani, tena limetoholewa kwa Kiingereza, lisiingizwe katika orodha sanifu. Twasema liingizwe. Linafanya kazi ambayo "mhusika mkuu" haifanyi, kwa sababu mhusika mkuu ni lugha ya mhakiki, na stelingi ni lugha ya anayetazama na kushangilia.

Mfululizo huu unaishi katika tofauti hiyo hiyo. John Walker amepewa ngao na serikali, akanywa dawa ya nguvu, na mwishoni mwa sehemu ya nne anamwua mtu kwa ngao ile mchana, mbele ya umati. Sam hakuwahi kuwa na dawa hiyo mwilini; ana mabawa ya kutengenezwa na ana utu wake. Ndiyo maana hatukubaliani na istilahi "shujaa mwenye nguvu za ajabu" kwa wahusika wa jamii hii wote. Inamwondoa Sam na inampa Walker heshima ambayo hadithi yenyewe inamnyima. "Jabari" lina mvuto, lakini ni miongoni mwa majina matukufu ya Mungu, na wengi wa wasomaji wetu hawatapenda kulisikia likitajwa pamoja na soksi nyekundu na joho. Twaona inatosha kusema "mwenye nguvu za ajabu" pale nguvu zilipo, na "shujaa" libaki kuwa neno la kustahiliwa.

Turudi kwenye mwisho wa sehemu ile ya nne. Picha ya mwisho ni ngao yenye damu. Waliotazama tarehe 9 Aprili 2021 walikaa na picha ile siku saba kabla ya kuona lililofuata. Katika filamu iliyounganishwa, pigano la kumnyang'anya Walker ngao linafuata papo hapo, na damu haikupata muda wa kukauka machoni. Hakuna dakika hata moja iliyokatwa hapo! Kilichoondolewa ni pengo, na pengo lilikuwa na maana yake. Washairi wetu wanalo jina la mahali pa namna hii: kituo. Twapendekeza mwisho wa sehemu ya mfululizo uitwe kituo pia, ili anayeunga sehemu ajue kwamba anavunja vituo, hata akiwa hakupoteza neno.

Yako mafululizo ambayo vituo ndivyo hadithi yenyewe. WandaVision, ya 2021, ina sehemu 9, na katika nyingi ya hizo inaiga michezo ya kuchekesha ya televisheni ya Marekani, kuanzia ile ya miaka ya 1950 isiyo na rangi. Wanda, aliyefiwa na mpenziwe, ameufunga mji mzima ndani ya michezo hiyo ili asiuone msiba wake. Katikati ya sehemu ya kwanza kuna tangazo la biashara la kibaniko cha mkate, na taa yake nyekundu inayowaka na kuzima ndiyo rangi ya kwanza tunayoiona. Anayetafuta dakika za kuondoa ataanza na tangazo hilo. Lakini kibaniko kile kimetengenezwa na kampuni ya Stark, na katika sehemu ya nane tunaonyeshwa bomu la Stark likiwa na taa kama ile, limelala bila ya kulipuka mbele ya watoto wawili waliokwisha kufiwa na wazazi, na televisheni ingali ikicheza.

Jambo hili si geni pwani. Katika kisa cha Fumo Liyongo, mfungwa anaomba ngoma ya gungu ichezwe kabla ya kuuawa. Msimulizi mwenye haraka angeweza kuona kwamba ngoma ni pambo, akairuka ili afike upesi kwenye kutoroka. Lakini kishindo cha ngoma ndicho kilichoificha sauti ya tupa iliyokuwa ikikata minyororo. Ukiondoa ngoma, Liyongo hatoki.

Yatupasa tumtendee haki shabiki katika ufundi. Mwenye kiwanda ana picha zote zilizopigwa na sauti zote zikiwa mbalimbali. Shabiki ana kazi iliyokwisha kupikwa, muziki na maneno vikiwa vimechanganyika. Akikata sentensi katikati, muziki uliopo chini yake unaruka na sikio linashtuka. Mafundi hodari hutumia ile sauti ya mikondo mingi, ambamo mazungumzo mara nyingi huwekwa katika mkondo wa katikati, wakayatenga na kuziba pengo kwa muziki walioutoa mahali pengine. Hiyo ni kazi ya mtu anayeunda, na twamdhulumu tukimwita mfupishaji.

Jina lake basi liwe nini? "Mkato" limekwisha kushikwa na sarufi, na tena linahesabu yaliyoondolewa tu, halihesabu yaliyoungwa. "Mchujo" ni baya zaidi. Linahukumu kabla ya kesi, kwamba kilichobaki katika kung'uto ni machicha, na tumeona kwamba Isaiah Bradley si machicha. Kwa kitendo twachagua "uhariri wa shabiki", kwa kuwa mhariri twamjua: ana jicho, ana upendeleo, na anaulizwa kwa nini. Kwa zao lake twachagua "toleo la shabiki". Huenda pakawa na pingamizi kwamba toleo hutolewa na mwenye haki ya kutoa. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini neno "la shabiki" linalijibu, kama vile "nakala ya mkono" isivyodai kuwa imepigwa chapa. Kwa kuwa toleo ni toleo, na liwe na ukurasa wake wa mbele: jina au lakabu ya mhariri, dakika za asili, dakika zilizobaki, na maonyesho yaliyoondolewa, moja baada ya moja.