Gia ya pili inapokwaruza, pima kwanza

Daladala ikitoka Bunju kuelekea mjini, dereva haachi kuirudia gia ya pili: anashusha Boko Magengeni, anapakia Basihaya, anakutana na foleni ya Tegeta. Hiace iliyokaa njia hiyo miaka kadhaa haishangazi ikiletwa gereji inakwaruza pili, hasa ikirudishwa kutoka tatu.

Tiba iliyozoeleka ni ringi mpya za sinkronaiza kutoka Kariakoo. Giaboksi inashushwa, ringi zinabadilishwa, boksi linafungwa. Mkwaruzo ukirudi, ringi inaitwa feki. Feki zipo, sikatai, ila lawama hiyo hutolewa na watu ambao hawakupima kitu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata spana. Injini ikiwa sailensa, kanyaga klachi, subiri sekunde chache, kisha weka rivasi. Ikikwaruza hapo, klachi haiachii vizuri, na kushusha boksi ni kumpotezea mwenye gari pesa.

Klachi ikiwa nzima, boksi lifunguliwe na fila itolewe. Weka ringi kwenye koni ya gia, kandamiza kwa vidole, jaribu kuizungusha. Inatakiwa ing'ang'anie. Kisha pima nafasi kati ya ringi na meno madogo ya gia. Kwenye boksi za Toyota za familia ya W, isipungue milimita 0.8. Ikipungua, ringi imezama hadi mwisho na haina tena cha kukaba, kwa hiyo slivu inayakuta meno ya gia kabla mwendo haujalingana. Na kama koni yenyewe imelika, hata ringi halisi itazama vilevile. Hapa ndipo pesa za ringi zinapopotea.

Kinachosahaulika zaidi ni mchezo wa gia kwenye shafti, mbele na nyuma. Kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.10 na 0.25. Fila ya 0.40 ikipita, gia inatembea, slivu haiingii yote, na dereva akiachia mafuta gia inachomoka. Nafasi ikibana mno, oili haipiti na gia inaweza kushika shafti. Mara nyingi hilo hutokana na habu iliyopigwa nyundo na bomba badala ya kukandamizwa kwa presi. Ringi ya kufungia habu nayo huuzwa kwa unene tofauti, makusudi, ili ichaguliwe itakayoacha mchezo mdogo kabisa. Kurudisha ile ya zamani bila kupima ni kubahatisha.

Nafasi kati ya uma wa gia na mfereji wa slivu nayo isizidi milimita 1.

Baada ya hapo ndipo izungumzwe oili. Inayotajwa sana kwenye vitabu ni 75W-90. Ile nzito ya 140 humiminwa kunyamazisha ngurumo ya beringi, lakini ringi inachelewa kuikata ili ishike koni, na alfajiri boksi likiwa bado la baridi ndipo pili inapogoma kuingia.