Sifa ya Moto Mdogo

Boksi la jiko dogo la gesi, lile la kubebwa mgongoni, kwa kawaida hutanguliza namba mbili: uzito wa jiko kwa gramu, na dakika za kuchemsha lita moja ya maji. Namba hizo huenda zikawa za kweli kabisa. Lakini mtu anayetoka Gakindu, huku Mukurwe-ini, akielekea Naro Moru ili apande Mlima Kenya kwa siku nne, hazimwambii lile analohitaji kulijua. Ninashikilia kwamba jiko la mlimani lipimwe kwanza kwa moto wake mdogo. Je, linaweza kuwaka polepole nusu saa nzima bila kuzimika, na bila kuunguza katikati ya sufuria huku pembeni pakibaki pabichi? Ukali wa moto uulizwe baadaye. Wanaolijua jambo hili kwa mikono ni wapishi wa mlimani, watu wa Naro Moru, Nanyuki, Chogoria na vijiji vya Nyeri, wanaopikia msafara mzima wakiwa wamechuchumaa kwenye kibaridi cha alfajiri. Ufundi wao hausifiwi inavyostahili. Kambi mbili kubwa za mlima huu zinaitwa Mackinder na Shipton, wapandaji wote wawili. Vitabu vinavyosimulia jinsi Halford Mackinder alivyofika kilele cha Batian mnamo Septemba 1899 humtaja pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, waliomwongoza, tena hueleza jinsi upungufu wa chakula ulivyokaribia kuuvunja msafara ule. Aliyekipika chakula hicho kichache kwa kawaida hatajwi.

Tuanze na maji yenyewe, maana ndiyo yanayowadanganya wengi. Katika mji wa Nyeri, ulio kwenye kimo cha mita 1,750 hivi, maji huchemka yakifika karibu nyuzi joto 94. Ukipita lango la Naro Moru ukafika Met Station, mita 3,050, huchemka kwenye nyuzi 90 hivi. Kwenye kambi ya Mackinder, mita 4,200, ni 86. Anayeweka sufuria kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, ataona maji yakirukaruka kwenye nyuzi zisizozidi 84, na hata autie moto makali kiasi gani hayatapanda zaidi ya hapo, labda awe na sufuria ya presha. Sababu ni shinikizo la hewa. Kwenye kimo cha Mackinder hewa inayoyakandamiza maji ni kama asilimia 60 tu ya ile ya Mombasa, kwa hiyo maji hutoroka kuwa mvuke mapema. Yanatokota kwa fujo lakini hayaivishi. Maharagwe makavu yaliyoiva kwa asubuhi moja Gakindu yanaweza kuchemka huko juu kutwa nzima na bado yakakataa kumegeka.

Sasa rudi kwenye namba ya boksini. Dakika za kuchemsha lita moja zinapima safari ya maji kutoka ubaridi hadi mchemko, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mlima wenyewe umeshaifupisha, kwa kuwa maji yanachemka mapema. Sehemu iliyorefuka ni ile inayofuata: mchele kulainika, viazi kuiva, ndengu kupasuka. Hapo moto mkali hausaidii chochote, maana maji yamekwisha kufika mwisho wa joto lake, na kila gesi ya ziada unayoichoma inageuza maji kuwa mvuke na kulilowesha hema. Mwenye kununua jiko kwa ajili ya kasi amelipia kile alichopewa bure.

Mpishi mzoefu huanza kazi hii akiwa bado nyumbani. Githeri na njahi, kama zitapanda mlimani, zinapanda zikiwa zimekwisha kuchemshwa, zikingoja kukaangwa na kitunguu tu. Ndengu hulowekwa usiku kucha. Mchele huletwa wa aina inayoiva haraka, na viazi hukatwa vipande vidogo kuliko vile ambavyo mama yeyote angevikubali jikoni kwake. Kisha mlimani, sufuria ikichemka, moto hupunguzwa hadi uwe pete ya samawati tu, kifuniko hufungwa vizuri, na mara nyingi jiko huzimwa kabisa na sufuria ikaviringishwa blanketi ili wali umalizie kuiva kwa joto lake wenyewe. Ugali ndio mtihani mkubwa. Sufuria nyepesi ya alumini haisambazi joto vizuri, na kichomeo chembamba, upana wa sarafu ya shilingi ishirini, huchoma mahali pamoja kama mwale wa jua unaopita kwenye lenzi: katikati unga unaungua, kandokando ungali uji. Kichomeo kipana, chenye matundu yaliyotawanyika, humpa mpishi nafasi ya kusonga. Kwa hiyo ukilichunguza jiko, upana wa kichwa chake una maana kubwa kuliko gramu zake. La pili la kuchunguza ni kitasa cha kuongezea moto. Kuna majiko ambayo kitasa chake ukikigusa kidogo moto unatoka mkubwa hadi kufa, na kuna mengine ambayo mpishi anaweza kukizungusha kwa muda akiushusha moto hatua kwa hatua. Tofauti hiyo haichapwi kwenye boksi lolote.

Gesi nayo inatoa ushahidi, na nauona kuwa mzito kuliko wote. Mikebe midogo ya kupandia milima huwa na mchanganyiko wa butani, isobutani na propani, zikiwa kimiminika. Ili jiko liwake, kimiminika hicho lazima kigeuke mvuke. Kwa shinikizo la usawa wa bahari, butani huacha kutoa mvuke wa maana joto likishuka karibu na nusu nyuzi chini ya sifuri, isobutani kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri, ilhali propani huvumilia hadi 42 chini ya sifuri. Ndiyo maana wengi husema mkebe wa butani tupu ni bure mlimani, kwani usiku kambini maji huganda. Maneno hayo ni kweli nusu. Hewa ile nyepesi inayoinyang'anya sufuria joto ndiyo hiyo hiyo inayorahisisha gesi kutoka: kwenye kimo cha Mackinder butani huendelea kugeuka mvuke hadi karibu nyuzi 14 chini ya sifuri. Mlima unachukua kwa mkono mmoja na kurudisha kidogo kwa mwingine. Tatizo liko kwingine. Gesi inapogeuka mvuke hunyonya joto kutoka kwenye mkebe wenyewe, na kadiri moto unavyokuwa mkubwa ndivyo mkebe unavyopoa haraka, hadi ukungu wa barafu unauzunguka na moto unadhoofika. Isitoshe, propani ndiyo inayotangulia kutoka, kwa hiyo mkebe ulioelekea kuisha hubakiwa na butani zaidi, na alfajiri ya siku ya mwisho, wakati chai inahitajika kuliko siku zote, ndipo unapogoma. Aliyewasha moto wa wastani tangu siku ya kwanza hapatwi sana na hayo. Gesi yake hutoka polepole, mkebe haupoi kupita kiasi, na ndimi za moto zinabaki chini ya sufuria badala ya kulamba ubavuni na kupashia hewa. Mkebe ukipoa licha ya hayo, kuuweka ndani ya kibakuli chenye maji ya kijito yasiyoganda kunatosha, maana hata maji ya nyuzi 5 ni ya moto kwa mkebe ulio chini ya sifuri.

Hesabu ya gesi si ngumu. Kilo moja hutoa nishati ya megajuli 46 hivi. Kupandisha lita moja ya maji ya kijito kutoka nyuzi 5 hadi 86 kunahitaji kama kilojuli 340, na tukikubali kwamba nusu ya joto inapotelea hewani, hiyo ni gramu 15 za gesi kwa lita. Mkebe wenye gramu 230 basi ni lita 15. Watu wawili wanaotumia lita tatu za maji ya moto kwa siku watamaliza siku nne na akiba kidogo, ilimradi upepo usiingilie. Na upepo wa bonde la Teleki, huko mlimani, huingilia. Hapa ndipo moto mdogo una udhaifu wa kweli: huzimika upesi kuliko mkubwa. Dawa yake ni kuchagua jiko ambalo kichwa chake kimezama kidogo ndani ya kikombe cha chuma, na kupika nyuma ya jiwe. Wapo wanaouzungushia mkebe bati la kukinga upepo pande zote, na hao wanacheza na bomu, kwa sababu joto hurudi kwenye gesi. Wapo pia wanaofunga hema na kupika ndani. Monoksidi ya kaboni, sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu wala rangi, kwa hiyo lango la hema na libaki wazi hata kama baridi inauma.

Mtu atauliza: kwani ule mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake, meko tunaoujua wote, una kasoro gani? Unawaka kidogo vizuri kuliko hivyo vijiko vya kigeni, na unajazwa tena katika kila kituo cha maduka. Swali ni la haki, na kwa msafara wenye wapagazi jibu ni kwamba hauna kasoro yoyote. Wapishi wanaoupandisha wana akili timamu. Sufuria kubwa inahitaji tako pana la kukalia, na gesi nyingi kwa pamoja haipoi upesi kama ile ya mkebe mdogo. Lakini mtungi huo ukiwa umejaa hupita kilo 12, yaani mzigo mzima wa mgongo mmoja, au karibu. Kwa watu wawili wanaojibebea wenyewe haufikiriki. Ninachosema ni kwamba atakaye jiko dogo ajifunze kutoka kwa meko: kichwa kipana, kitasa kitiifu, mguu imara.

Wa mafuta taa nao wana hoja yao. Jiko la kupampu, la asili ya lile alilobuni Frans Lindqvist huko Uswidi mwaka 1892 na kuliita Primus, halijali baridi, kwa kuwa shinikizo lake linatoka kwenye mkono wa mpishi. Edmund Hillary na Tenzing Norgay walilitumia Everest mwaka 1953. Ila kwa kawaida jiko hilo hunguruma, halipendi kuwaka kidogo, na tundu lake huziba masizi likipewa mafuta machafu. Tena nchini Kenya, tangu ushuru wa shilingi 18 kwa lita ulipowekwa mwaka 2018 kuzuia mafuta taa yasichanganywe na dizeli, unafuu wake wa bei umepungua sana. Kuhusu kuni sina mengi. Anayekumbuka moto wa Mlima Kenya wa Machi 2012, au ule uliotambaa Kilimanjaro Oktoba 2020, hatahitaji kushawishiwa kwamba mahali pa mafiga matatu ni nyumbani.

Pingamizi lililo gumu zaidi linatoka kwa wasafiri wa kisasa. Chakula cha mlimani, wanasema, sasa kinauzwa kikiwa kimekaushwa ndani ya pakiti. Unamimina maji ya moto, unangoja dakika kumi, unakula. Hapo moto mdogo ni wa nini? Lile jiko refu lililounganishwa na chungu chake, lenye mapezi ya kunasa joto, litachemsha maji kwa gesi ndogo kuliko jiko lolote nililoeleza. Nakubali, na mtu anayekula hivyo alinunue bila kusita. Lakini na ahesabu bei. Pakiti moja ya namna hiyo, iliyoagizwa kutoka ng'ambo, hununua viazi, minji na kitunguu vya siku kadhaa kwenye soko la Karatina. Na kuna jambo lisilo la bei. Mtu aliyepanda kwa saa sita, kichwa kinamgonga kwa sababu ya kimo na hamu ya kula imemtoka, mara nyingi hukubali uji laini au supu ya viazi iliyopikwa mbele yake wakati pakiti ameisukuma kando. Kumfanya mgonjwa wa kimo ale ni sehemu ya kazi ya mpishi, tena kubwa kuliko kuchemsha, na jiko lisiloweza kutuliza moto linamnyima kifaa cha kuifanyia.

Kwa hiyo uamuzi na uanzie kwenye mkebe. Ndege haibebi gesi, si mkononi wala kwenye mizigo, kwa hivyo mkebe utakaoutumia ni ule unaopatikana nchini. Kuna wa kufungwa kwa hesi na kuna mrefu mwembamba unaobanwa ubavuni, na jiko la mmoja haliingii kwa mwingine bila kiungo. Ukishajua mkebe upi unaupata bila shida Nanyuki au Nairobi, chagua sufuria, na mwisho kabisa jiko la kuvifaa vyote viwili. Lile lenye bomba, linalokaa chini peke yake huku mkebe ukiwa pembeni, huzidi uzito kwa gramu mia moja au zaidi, lakini sufuria ya ugali haipinduki juu yake. Kibiriti kiwe mfukoni hata kama jiko lina kitufe cha cheche, kwani vitufe hivyo hukataa sana kwenye hewa nyepesi. Na kabla ya kulipa, mwombe mwenye duka aliwashe, kisha ushushe moto hadi ubaki pete ya samawati na uusubiri dakika tano ukiuangalia. Akikataa kuliwasha, maduka ni mengi.