'Lifti', 'Kiinuo' au Uwiano? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Sayansi ya Data

Somo la sayansi ya data limeingia katika vyuo vyetu pamoja na msamiati wake wa Kiingereza, na mfasiri hana budi kuupatia msamiati huo majina ya Kiswahili kabla mazoea hayajaota mizizi. Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi moja tu ya somo hilo, nayo ni ile ambayo kwa Kiingereza huitwa 'lift'. Hutumika katika uchimbaji wa kanuni za mwambatano, yaani kazi ya kutafuta, ndani ya kumbukumbu nyingi, vitu ambavyo hutokea pamoja. Mfasiri mwenye haraka ana njia mbili zilizo karibu naye: kutohoa, apate 'lifti', au kufanya tafsiri sisisi, apate 'kiinuo'. Tunadai kwamba njia zote mbili humpoteza msomaji, na kwamba ile ya pili hupoteza zaidi, kwa sababu ina sura ya Kiswahili safi.

Istilahi haiwezi kuhukumiwa kabla dhana yake haijaeleweka. Tuchukue mfano wa kubuni. Duka moja la mchanganyiko mjini Tunduma limehifadhi risiti 1,000. Mchele umo katika risiti 400, sukari imo katika 800, na vyote viwili vimo pamoja katika 300. Katika kila wanunuzi 100 wa mchele, 75 walinunua pia sukari. Mwenye duka akiambiwa kwamba asilimia 75 ya wanunuzi wa mchele huchukua sukari, ataona kwamba amepata kanuni yenye nguvu. Lakini asilimia 80 ya wanunuzi wote hununua sukari, wawe wamenunua mchele au la. Kwa hiyo mnunuzi wa mchele ana uwezekano mdogo kidogo wa kuchukua sukari kuliko mnunuzi yeyote yule. Tukigawanya 75 kwa 80 tunapata takriban 0.94. Hicho ndicho kipimo tunachokizungumzia.

Sasa tutazame bidhaa nyingine katika risiti zizo hizo. Misumari imo katika risiti 50, nyundo katika 40, na vyote viwili katika 20. Wanunuzi wa misumari walionunua nyundo ni asilimia 40 tu, idadi inayoonekana dhaifu mbele ya ile 75. Lakini wanunuzi wote walionunua nyundo ni asilimia 4. Arobaini kwa 4 ni 10, yaani vitu hivi viwili huandamana mara 10 zaidi ya vile ambavyo vingeandamana kama kila kimoja kingenunuliwa bila kuhusiana na chenzake. Kipimo hiki, basi, ni ulinganisho wa mwandamano ulioonekana na ule ambao ungetarajiwa kwa bahati tu. Kikiwa 1, hapana uhusiano. Kikizidi 1, vitu huvutana. Kikipungua chini ya 1, vitu huepukana.

Baada ya kuifahamu dhana, na tulipime neno 'lifti'. Neno hili si geni kwa wasemaji wetu, na hapo ndipo penye ugumu. Mtu aliye Dar es Salaam hulitumia kwa chumba kinachopandisha watu ghorofani. Katika Tunduma, mji wa mpakani ambamo malori yaendayo Zambia na Kongo hupita mchana na usiku, kuomba lifti ni kuomba kupakiwa katika gari la mwenzio pasipo nauli. Mwanafunzi atokaye Mkoa wa Songwe akisoma kwamba 'lifti ya misumari na nyundo ni 10', maana anayoijua haitamsaidia hata kidogo. Kutohoa kunafaa pale ambapo neno la kigeni linaingia likiwa tupu, likangoja kujazwa maana na wataalamu. Hili limekwisha kujazwa, tena mara mbili.

'Kiinuo' kina kasoro za namna nyingine, nazo ni tatu. Kwanza, kuinua kitu ni kukitoa chini na kukipeleka juu. Kwa hiyo ambaye hakuinua kitu amefanya kiinuo cha sifuri. Lakini katika kipimo hiki hali ya kutokuwapo uhusiano huandikwa 1, wala si sifuri. Msomaji akikuta 'kiinuo cha 1', Kiswahili chake chenyewe kitamwambia kwamba kuna kitu kimepandishwa kwa kiasi cha moja, ilhali hapakuwa na lolote. Pili, kiinuo cha 0.94, kama kile cha mchele na sukari, ni kiinuo kinachoshusha, jambo ambalo lugha haliwezi kulisema bila kujipinga. Tatu, kitenzi 'inua' hudai mwinuaji na mwinuliwa. Msomaji atadhani kwamba misumari ndiyo inayoinua mauzo ya nyundo. Hesabu haisemi hivyo: tukianza na nyundo tukaishia kwa misumari, tunagawanya 50 kwa 5 na jibu ni lile lile 10. Kipimo hakina upande, wala hakitaji sababu.

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni mambo ya darasani. Sivyo. Tokea Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilipofunguliwa rasmi mwaka 2019, kumbukumbu za mizigo zimeendelea kuwa nyenzo ya utawala. Idara za forodha katika nchi nyingi hutumia kumbukumbu za namna hiyo kuamua gari lipi likaguliwe. Tuseme taarifa inaeleza kwamba asilimia 90 ya malori yaliyokutwa na kasoro yalikuwa yakielekea Zambia na Kongo. Ikiwa asilimia 90 ya malori yote yapitayo huelekea huko huko, basi kipimo chetu ni 1, na taarifa hiyo haimtii hatiani dereva yeyote. Mtumishi atakayesoma 'kiinuo 1' aweza kudhani kwamba mwelekeo wa safari umeongeza mashaka, akawasimamisha watu siku nzima kwa kosa la neno. Hapa istilahi mbovu hulipiwa na mtu ambaye hakushiriki kuiunda.

Wako watakaotetea tasfida ya Kiingereza wakisema kwamba wenye somo ndio walioichagua, nasi hatuna mamlaka ya kuiacha. Historia haiwaungi mkono. Kanuni za mwambatano zilienea baada ya makala ya Agrawal, Imieliński na Swami ya mwaka 1993. Brin, Motwani, Ullman na Tsur, katika makala yao ya mwaka 1997, walikitumia kipimo hiki hiki kwa jina jingine kabisa, neno la Kiingereza ambalo mfasiri wa sisisi angeligeuza kuwa 'mvuto', 'maslahi' au hata 'riba'. Kama wataalamu wenyewe hawakufungwa na jina moja, mfasiri wa Kiswahili anawajibika kwa dhana, si kwa sitiari.

Tunapendekeza 'uwiano wa mwambatano'. Neno 'uwiano' limo tayari katika hisabati ya shule zetu, na mwanafunzi anajua kwamba uwiano wa 1 maana yake ni pande mbili kulingana. Uwiano waweza kuwa chini ya 1 bila lugha kujipinga. 'Mwambatano' nao haumtaji mtendaji wala mtendwa: vitu viwili vikiambatana, kila kimoja kimeambatana na chenzake. Itasemwa kwamba istilahi hii ni ndefu. Ni kweli, lakini baada ya kutajwa mara ya kwanza, mwandishi aweza kusema 'uwiano' na akaeleweka. Itasemwa pia kwamba programu za kompyuta zitaendelea kuonyesha neno la Kiingereza. Hilo ni jambo la kuwekewa orodha ya maneno mwishoni mwa kitabu, wala si sababu ya kufundisha kwa sitiari isiyofaa.

Hata hivyo walimu wasitegemee istilahi ifanye kazi yote. Ikiwa kikombe kimoja na kofia moja vilinunuliwa mara moja tu, tena katika risiti moja kati ya zile 1,000, uwiano wake wa mwambatano utakuwa 1,000, nao umejengwa juu ya mnunuzi mmoja. Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba katika vitabu na taarifa za serikali uwiano usiandikwe peke yake, bali uandamane na idadi ya risiti au magari yaliyohesabiwa. Walimu na wafasiri watakaoijaribu istilahi hii darasani na ofisini wanaombwa kulitaarifu Baraza mahali itakapowakwaza, kabla haijafikishwa mbele ya kamati ya usanifishaji.