Shilingi Hamsini za Githeri

Januari 2019 Safaricom, pamoja na benki za KCB na CBA ambayo sasa ni NCBA, ilizindua Fuliza. Tangu hapo unga unaweza kuisha na M-Pesa ikawa tupu, na bado mtu akalipa dukani kana kwamba hakuna kilichotokea. Pengo hujazwa na mkopo papo hapo. Pesa yoyote itakayoingia kwenye simu baadaye hukatwa deni kwanza, mwenyewe akipata kilichobaki.

Kwa viwango vilivyotangazwa Septemba 2022, anayefuliza shilingi 1,000 hukatwa asilimia moja mara moja, hupewa siku tatu bila tozo, kisha hulipa shilingi 6 kila siku. Akikaa na deni hilo siku 30 atakuwa ametoa shilingi 172 juu ya zile elfu, hata kabla ya kuhesabu ushuru. Duka likipandisha unga kwa asilimia 17 mtaa mzima hulalamika. Shilingi sita kwa siku hazimshtui mtu.

Wenye madeni ya namna hii hushauriwa kujibana, na ushauri huo huishia hapo. Hauonyeshi kujibana kunafanya nini ndani ya deni lenyewe, wala sufuria inaweza kuachia kiasi gani kabla watoto hawajaanza kudhoofika. Mambo hayo mawili yanahesabika.

Tuchukue nyumba ya watu watano, baba, mama na watoto watatu, inayodaiwa jumla ya shilingi 30,000. Ili hesabu isitawanyike, tuseme deni lote linatozwa asilimia 7.5 kwa mwezi juu ya salio, kiwango ambacho mkopo wa simu wa M-Shwari ulianza nacho Novemba 2012. Ada ya mwezi wa kwanza ni shilingi 2,250. Nyumba ikitoa hizo tu kila mwezi, mwaka utaisha ikiwa imelipa 27,000 na bado inadaiwa 30,000 zile zile. Ikilipa 3,000 kwa mwezi, itamaliza katika mwezi wa ishirini. Ikilipa 4,500, itamaliza katika mwezi wa kumi.

Kati ya 3,000 na 4,500 kuna shilingi 50 kwa siku. Hamsini hiyo inakata muda wa utumwa kwa nusu, na inaokoa jumla ya shilingi 14,000 hivi ambazo zingeishia kwa mkopeshaji. Siri iko kwenye mgawanyo wa malipo. Katika zile 3,000 za kwanza, ni shilingi 750 tu zinazogusa deni, nyingine zote ni ada. Katika 4,500, zinazogusa deni ni 2,250, yaani mara tatu. Ndiyo maana anayelipa kidogo kidogo juu ya ada huona kama anachota bahari kwa kijiko, na jirani aliyeongeza pesa ya mandazi matano kwa siku akamaliza mapema hadi watu wakadhani amesaidiwa na ndugu walioko ng'ambo.

Sasa hamsini itoke wapi?

Mahindi makavu gramu 300 na maharagwe makavu gramu 150, yakichemshwa pamoja kuwa githeri, humpa mtu mzima kalori karibu 1,600 na protini gramu 60 hivi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kama gramu 50 za protini kwa mtu wa kilo 60. Ongeza mafuta gramu 25, sukuma wiki, kitunguu, nyanya na chai yenye sukari kidogo, na siku inafika kalori 2,100, kiwango kile kile ambacho Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limekuwa likipangia mgao kamili wa wakimbizi kambini. Wapishi wa kale wa Murang'a na Nyeri hawakuwa na jedwali la lishe, lakini mchanganyiko wao unasimama vizuri kwenye jedwali. Protini ya mahindi imepungukiwa na laisini, ambayo maharagwe yanayo tele. Maharagwe nayo yamepungukiwa na methionini, na mahindi yanaifidia.

Kilo moja ya maharagwe makavu ina protini inayokaribiana na ya kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe. Bei hazikaribiani hata kidogo. Nusu kilo ya maharagwe ikiiva huwa zaidi ya kilo moja sufuriani, wakati nyama hunywea.

Unga wa pakiti ndio unaokula bajeti kimyakimya. Bei yake imeyumba kiasi cha kuwa suala la uchaguzi mkuu: Julai 2022 serikali ilitangaza ruzuku iliyoshusha pakiti ya kilo mbili hadi shilingi 100 kutoka zaidi ya 200, na ruzuku hiyo haikudumu. Kukoboa mahindi ya unga mweupe huondoa ganda na kiini, pamoja na mafuta na vitamini B zilizokuwemo. Mahindi yale yale yakipelekwa kwenye kinu cha mtaani hurudi karibu yote. Kuna jambo moja la haki kwa pakiti: tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti uongezwe madini ya chuma, zinki na vitamini, ilhali vinu vidogo vingi haviongezi chochote. Anayehamia kinuni ni lazima apate chuma hicho kwingine, kwenye maharagwe, mboga za majani na omena.

Na hapo kwenye chuma chai huharibu mambo. Ikinywewa pamoja na chakula huzuia sehemu kubwa ya chuma cha nafaka na kunde kuingia mwilini. Nyanya mbichi, limau au kachumbari hufanya kinyume chake. Kusogeza chai saa moja mbele hakugharimu senti.

Hakuna mtoto atakayekubali githeri mara kumi na nne kwa wiki, na mzazi anayelazimisha hivyo atajikuta kibandani siku ya tano akinunua chipsi kwa hasira. Lakini msingi mmoja uliochemshwa una nyuso nyingi. Jumatatu unakaangwa kwa nyanya na dania. Jumanne unapondwa na viazi na majani ya malenge ukawa mukimo. Maharagwe yaliyotengwa kabla ya kuchanganywa yanakwenda na ugali, na Jumapili na chapati. Ukambani mahindi hukobolewa kwanza yakawa muthokoi, laini zaidi mdomoni. Upareni, ng'ambo ya mpaka, mapishi ya aina hiyo huitwa makande.

Mahali ambapo hesabu za watu wengi huvunjika ni kwenye moto. Maharagwe yasiyolowekwa huchukua saa mbili, tatu au zaidi, na kwa mkaa au gesi ya Nairobi saa hizo zinaweza kumeza nusu ya faida yote. Kuloweka usiku kucha hupunguza muda na, maji yakimwagwa, hupunguza pia gesi tumboni. Nyanya au kitu chochote kichachu kikitiwa mapema huchelewesha kuiva, kwa hiyo kingoje. Magadi huharakisha, lakini huua vitamini B1, na mlo uliosimama juu ya nafaka na kunde hauna vitamini za kuchezea.

Umri wa maharagwe ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Yaliyokaa miezi mingi kwenye joto na unyevu huwa magumu hata yalowekwe vipi. Maharagwe ya bei ya chini mno sokoni mara nyingi ni hayo, na shilingi ishirini iliyookolewa kwenye gorogoro, kopo la kupimia, hulipwa mkaani. Anayeuliza muuzaji "haya ni ya msimu gani?" anauliza swali la nishati. Mbegu ya Nyota, iliyotolewa na taasisi ya utafiti wa kilimo KALRO, ilichaguliwa kwa sababu huiva haraka na ina chuma na zinki kwa wingi. Ikipatikana sokoni inafaa kulipiwa zaidi kidogo.

Kuna njia nyingine ambayo wataalamu wa bajeti huisahau kwa kuwa haionekani ya kifahari. Katika mitaa mingi ya Nairobi wapo akina mama wanaochemsha githeri na maharagwe kwenye sufuria kubwa na kuyauza kwa kipimo, tayari kwa kukaangwa. Kuni zao zinagawanywa kwa wateja wengi. Kwa mwenye jiko la gesi la kilo sita na familia ndogo, kununua yaliyochemshwa kunaweza kuwa nafuu kuliko kuchemsha nyumbani. Apige hesabu ya siku za gesi, si ya kilo za maharagwe pekee.

Tuseme basi nyumba yetu imefaulu, hamsini inapatikana, hata mia. Bado kuna utafiti wenye habari mbaya. Wachumi Dean Karlan, Sendhil Mullainathan na Benjamin Roth waliwaendea wachuuzi wa masokoni India na Ufilipino waliokopa kwa riba kali, wakawalipia madeni yote yakaisha. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yanaonyesha kwamba wengi walirudi kwenye deni ndani ya wiki sita. Baada ya mwaka mmoja hadi miwili walikuwa wakikopa sawa na wenzao ambao hawakusaidiwa kabisa.

Utafiti huo hausemi watu hao ni wapumbavu. Zaidi unaonyesha kwamba kufuta deni hakuondoi kilicholiita: wiki isiyo na mauzo, mtoto mgonjwa, msiba wa shambani. Kenya nayo ina ushahidi wake, shajara za fedha za FSD Kenya zilizofuata kaya karibu 300 kwa takriban mwaka mmoja kuanzia 2012, ambamo mapato yalipanda na kushuka mwezi hadi mwezi kwa namna ambayo mwenye mshahara haijui. Nyumba ya namna hiyo ikikosa kitu cha kuegemea, huegemea simu.

Kwa hiyo gunia linaingia kwenye mjadala, na si kwa sababu ya bei peke yake. Nyumba yetu ikila mahindi kilo 1.2 na maharagwe kilo 0.6 kwa siku, gunia la kilo 90 la mahindi na nusu gunia la maharagwe vinakwenda siku 75. Kwa bei za mfano, shilingi 50 na 130 kwa kilo, hiyo ni 10,350. Je, pesa hiyo isingefaa zaidi kulipa deni? Ikiingizwa kwenye deni inaokoa ada ya kama shilingi 776 kwa mwezi, karibu 1,940 kwa siku hizo 75. Ikinunua gunia, na bei ya gorogoro ikiwa juu kwa shilingi 15 kwa kilo ya mahindi na 20 kwa ya maharagwe, inaokoa shilingi 30 kwa siku, jumla 2,250. Kwa namba tupu hakuna tofauti ya kugombania. Kinachoinua mizani ni kwamba wiki mbaya ikija, gunia halitozi ada ya kufungua. Wasioweza kupata elfu kumi kwa mpigo huanza na debe moja, au hugawana gunia kupitia chama, jambo ambalo wanawake wengi wamekuwa wakilifanya kwa unga na mafuta kila Desemba.

Kalenda ina ukatili wake. Mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huvunwa Oktoba hadi Desemba, na hapo ndipo huwa rahisi. Wiki chache baadaye ni Januari ya karo, wakati watu wanauza au kukopa. Omena nayo hufungwa kuvuliwa upande wa Kenya wa Ziwa Victoria kuanzia Aprili hadi Julai, kwa hiyo inayokaushwa na kuhifadhiwa Machi ndiyo ya bei nzuri.

Kuweka akiba kuna hatari moja isiyo ya kifedha. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Mahindi ya kuwekwa lazima yawe makavu kabisa, juu ya mbao na mbali na ukuta, na mifuko ya tabaka tatu ya PICS inastahili gharama yake. Punje zilizobadilika rangi hazioshwi zikaliwa. Hutupwa.

Na watoto wadogo hawamo kwenye mpango huu kwa kipimo cha wakubwa. Githeri ni nzito kwa tumbo dogo: mtoto wa mwaka mmoja hushiba kabla hajapata nishati ya kutosha. Udumavu Kenya ulishuka hadi asilimia 18 katika utafiti wa kitaifa wa 2022, kutoka 26 mwaka 2014, na hakuna deni linalofaa kurudisha namba hiyo nyuma. Chakula cha mtoto huyo ni uji wa wimbi uliotiwa karanga au omena iliyosagwa, maharagwe yaliyopondwa na mafuta, yai inapowezekana, mara nyingi kwa siku. Hamsini itafutwe kwenye sahani za wakubwa.

Kuhusu mpangilio wa kulipa, Fuliza na mikopo ya programu hutangulia, kwa kuwa saa yake haisimami. Daftari la duka, ambalo kwa kawaida halina riba, hulipwa kidogo kila wiki ili mwenye duka asifunge mlango. Upande wa Tanzania, ambako mikopo ya riba kali imebatizwa kausha damu, Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 za kukopesha Novemba 2024 kwa kukosa leseni. Kenya kufuliza ni halali, kwa hiyo uamuzi ni wa mwenye simu: salio la deni likifika sifuri, anaweza kujiondoa kwenye huduma hiyo kupitia menyu yake, naye afanye hivyo siku hiyo hiyo, kabla pesa ya kesho ya unga haijapungua.