"Upendeleo" wa Vali: Tafsiri Inayopotosha

Katika mswada mmoja wa mwongozo wa kujiundia amplifaya ya gitaa, volti hasi inayowekwa kwenye gridi ya vali ili kudhibiti mkondo wa umeme imeitwa "upendeleo". Neno hili ni la hakimu na mwamuzi wa mpira. Vali haimpendelei mtu.

Tuchukulie fundi wa Balangdalalu, wilayani Hanang, ambaye anodi za vali zake zimeiva nyekundu. Mswada unamwagiza "aongeze upendeleo". Aongeze nini? Akiongeza uhasi wa volti ya gridi, mkondo hupungua na vali hupoa. Akiongeza mkondo, vali huungua.

Kosa si la mfasiri peke yake, kwani hata mafundi wa Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo hayo mawili. Hata hivyo, mfasiri hana budi kuyatenganisha. Tunapendekeza "volti tangulizi" kwa ile ya gridi, na "mkondo tulivu" kwa umeme upitao gitaa likiwa kimya. Hapo agizo hueleweka: pima mkondo tulivu, rezista ya omu 1 kwenye kathodi ikionyesha milivolti 40, mkondo ni miliampia 40. Ukizidi kiwango cha vali, ongeza uhasi wa volti tangulizi, lakini usipite kiasi, kwani sauti ndogo zitakwaruza.

Volti za anodi aghalabu huzidi 300, na kapasita huweza kuzihifadhi hata baada ya swichi kuzimwa. Fundi asibahatishe maana humo. Walimu wa ufundi wanaombwa kutuletea maoni yao.