Matabishi: neno moja, mizani mbili

Katika soko la Kadutu, mjini Bukavu, mnunuzi wa maharagwe haondoki pindi kopo linapomiminwa mfukoni mwake. Husubiri. Muuzaji akichelewa, huulizwa: "Mama, matabishi yangu iko wapi?" Ndipo kiganja kimoja huongezwa juu ya kipimo, bila malipo, na wawili hao wakaachana kwa amani. Neno hilohilo likitamkwa mbele ya dirisha la ofisi hubeba uzito mwingine. Hapo anayeomba ni mwenye muhuri, na anayeombwa hana hiari.

Walimu wengi wanaoshikilia Kiswahili Sanifu hulipiga neno hili mstari mwekundu katika madaftari ya wanafunzi na kuandika pembeni: bakshishi. Hoja yao ni kwamba matabishi ni neno la kigeni. Hoja hiyo haina nguvu, kwa kuwa bakshishi nalo limetoka Uajemi, katika kitenzi chenye maana ya kutoa na kusamehe. Tena, kama ugeni ni kosa, basi meza, gereza, bendera na mvinyo yafutwe pia, maana yote hayo ni ya Kireno, kama lilivyo matabishi lenyewe.

Tofauti iko katika njia. Maneno ya kwanza yaliingia kwa mlango wa pwani ya mashariki, ambako Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593 na kuipoteza mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Matabishi lilitoka upande wa Atlantiki, ambako Diogo Cão alifika kwenye mlango wa mto Kongo katika miaka ya 1480. Asili yake ni mata-bicho: kitenzi matar, yaani kuua, na jina bicho, yaani mdudu au mnyama mdogo. "Kuua mdudu" kulikuwa kunywa kilevi kikali asubuhi kabla ya kula chochote, ati ili kumnyamazisha mdudu aliye tumboni. Wafaransa nao wana msemo wa namna hiyo, tuer le ver. Huko Brazil mata-bicho limebaki kwenye tone la pombe. Angola na Msumbiji limekuwa kifungua kinywa, hata likazaa kitenzi matabichar. Nchini Kongo lilihama kutoka kinywaji hadi zawadi ndogo anayopewa mtu juu ya haki yake. Uhamaji huo si wa ajabu. Pourboire ya Wafaransa na Trinkgeld ya Wajerumani ni fedha za kunywea, na "chai" ya Watanzania na Wakenya imepita njia hiyohiyo, tena ikaishia pabaya zaidi.

Umbo la neno linastahili kuangaliwa kwa makini. Kireno humaliza kwa -o, na maneno yaliyopokewa pwani yamehifadhi irabu hiyo: lenço limekuwa leso, vinho limekuwa mvinyo. Kama matabishi lingefika Bukavu moja kwa moja kutoka kinywani mwa Mreno, lingetarajiwa kuwa matabisho. Irabu -i inaelekeza kwenye Kifaransa cha ukoloni wa Kibelgiji, matabiche, ambalo huishia kwa konsonanti tupu; Kiswahili hukidhi haja yake kwa kuongeza -i, kama affiche ilivyokuwa afishi. Kilingala husema matabisi, lakini Kiswahili cha Bukavu, kinachotamka "sisi" bila taabu, hakikuwa na sababu ya kugeuza si kuwa shi. Katanga, ambako "siku" husikika "shiku", ni habari nyingine, na huenda neno limepanda kaskazini kutoka huko. Njia hizi mbili hazipingani.

Mara lilipofika, sarufi ya Kibantu ililimeza. Silabi ma-, ambayo ni sehemu ya kitenzi "kuua", imechukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, na neno limekaa pamoja na maji na maziwa, yasiyodai umoja.

Kosa la pili, ambalo ni zito kuliko la walimu, ni la wafasiri wanaoandika corruption kila wanapokutana na neno hili. Mama wa Kadutu anayetoa kiganja cha maharagwe hahongi mtu. Matabishi ya soko hutolewa baada ya kipimo kujaa, hadharani, na mwenye mali. Ya ofisi hudaiwa kabla ya huduma, faraghani, na mtu asiyemiliki kile anachokiuza. Mtumishi anayesema "matabishi" badala ya "rushwa" anajua afanyalo: anaazima heshima ya soko ili kufunika tendo lisilo na heshima. Mfasiri anayeyachanganya humfichia siri hiyo, na maelezo ya mlalamikaji yakifika mezani pa hakimu kwa Kifaransa, uzito wake umekwisha badilika. Hongo nalo lilipata ajali kama hiyo. Katika karne ya 19 lilikuwa ushuru ambao misafara iliwalipa watawala ili kupita katika nchi zao. Leo hakuna anayelitaja bila kunong'ona.

Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilizijumuisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na msingi wake ulikuwa Kiunguja. Kongo ya Wabelgiji haikuwa na kiti. Si ajabu basi kwamba mwanafunzi wa Bukavu hufundishwa kulionea haya neno la mama yake. Kamusi itakayolipokea ianze na kiganja cha maharagwe, na maana ya dirishani ifuate, ikiwa na alama ya tafsida.